Kicheko cha Majirani: Lat wa Malaysia na Katuni za Maisha ya Kila Siku

Mchora katuni ni mgeni wa nadra katika kurasa kama hizi. Wasomaji wetu wamezoea kukuta humu makala juu ya washairi, wanariwaya na wanasarufi, ilhali wachoraji wa magazeti huachwa nje ya mlango, kana kwamba kazi yao ni ya kutazamwa mara moja na kisha kufungiwa maandazi. Sisi tunaona kwamba huko ni kuipunja historia. Mtu atakayetaka kujua watu wa zama fulani walikaaje, walivaa nini, walimwogopa nani na walitaniana kwa namna gani, hatayapata hayo katika hotuba za viongozi. Atayapata katika kona ya gazeti, pale ambapo mhariri alimwachia mchoraji nafasi ya upana wa vidole vinne.

Nasi hatukosi mifano yetu. Wasomaji wa Taifa Leo nchini Kenya walimjua Juha Kalulu wa Edward Gitau kama mtu wanavyomjua shemeji yao; wasomaji wa gazeti la Uhuru mjini Dar es Salaam walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory; na James Tumusiime, Mganda, aliwapa wasomaji wa gazeti la Daily Nation la Nairobi mhusika wake Bogi Benda. Kila mmoja kati ya hao anastahili makala yake. Lakini safari hii tumekusudia kuvuka Bahari ya Hindi hadi Malaysia, kwa mchoraji aitwaye Lat. Sababu ya kumchagua yeye ni kwamba maisha aliyoyachora yanafanana mno na ya watu wetu, na kwamba aliifanya kazi yake katika nchi ambayo majirani walikuwa wametoka kuuana.

Hali ya nchi hiyo yafaa ielezwe kidogo kwanza. Wamalay ndio wenyeji walio wengi katika rasi ya Malaya, nao ni Waislamu. Wakati wa utawala wa Kiingereza waliingia Wachina wengi kuchimba madini ya bati, na Wahindi, hasa Watamil, kugema mpira mashambani. Malaya ikapata uhuru mwaka 1957, na shirikisho la Malaysia likaundwa mwaka 1963. Jamii hizo ziliishi pamoja bila ya kuchanganyikana sana, kila moja na lugha yake, chakula chake, na fikira zake juu ya mwenzake. Tarehe 13 Mei 1969, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, ghasia zilizuka katika mji wa Kuala Lumpur baina ya Wamalay na Wachina. Kwa hesabu ya serikali watu 196 walikufa, na wapo wanaoamini kwamba hesabu hiyo ni ndogo mno. Hali ya hatari ikatangazwa, na Bunge halikukutana tena hadi mwaka 1971.

Siku zile za ghasia kijana mmoja wa miaka 18 alikuwa tayari anapeleka katuni kila wiki kwenye gazeti la Jumapili la Kimalay, Berita Minggu. Jina lake la kuzaliwa ni Mohammad Nor Khalid. Alizaliwa tarehe 5 Machi 1951 katika kijiji cha Kota Bharu karibu na Gopeng, jimbo la Perak. (Mji mkubwa wa Kota Bharu ulioko jimbo la Kelantan ni mwingine.) Baba yake alikuwa karani katika jeshi. Kwa kuwa mtoto alikuwa mnene mwenye uso wa duara, wenziwe walimwita Bulat, neno ambalo kwa Kimalay maana yake ni "mviringo", kisha ulimi ukalifupisha likawa Lat. Walimu wa lugha tutalipenda jambo hili: jina la utani la watoto wa kijijini, lililokatwa kichwa, ndilo lililokuja kuandikwa chini ya katuni zilizosomwa na taifa zima.

Kitabu chake cha kwanza cha visa vya picha, Tiga Sekawan, kilitoka mwaka 1964, naye ana miaka 13. Aliupeleka mswada kwa posta, na mchapaji aliukubali akidhani kwamba anashughulika na mtu mzima. Mchoraji mwenye umri mkubwa zaidi aliyeitwa Rejabhad alimchukua chini ya uangalizi wake, na Lat hadi leo humtaja kuwa ndiye mwalimu wake katika sanaa. Mwaka 1968 alianza katuni za Keluarga Si Mamat, yaani jamaa ya Mamat, jina alilolitwaa kwa mdogo wake. Katuni hizo zilitoka kila wiki kwa miaka 26.

Lakini yuko mwalimu mwingine ambaye haifai kumpita. Katika shule ya msingi Lat alifundishwa na mwanamke wa Kichina, Mwalimu Moira Hew. Mwalimu huyu aliona kwamba mwanafunzi wake anachora, na badala ya kumkataza alimwita ubaoni amchoree picha za masomo. Wengi wetu tumewahi kukuta picha ya sura zetu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la mwanafunzi, na twajua tulivyofanya. Mwalimu Hew alilipwa kwa namna yake: katika katuni za Lat amekuwa mwalimu mkali kupita wote, mwenye miwani yenye pembe zilizochomoza kama mbawa za kipepeo, ambaye akiingia darasani hata nzi hutulia. Ni picha ya kuchekesha na ni picha ya heshima, na mwenye kuitazama hawezi kutenga moja na nyingine. Tukumbuke pia kwamba mtoto ni Mmalay na mwalimu ni Mchina.

Alipomaliza shule, mwaka 1970, Lat alikwenda Kuala Lumpur kuomba kazi ya kuchora. Nafasi hiyo haikuwapo. Mhariri Abdul Samad Ismail alimpa kazi ya mwandishi wa habari za uhalifu katika Berita Harian, ashinde vituo vya polisi na hospitali, na katuni akaziendeleza pembeni. Kazi ile haikuwa na ladha kwake, lakini kwa maoni yetu haikumpotea bure, kwa kuwa mwandishi wa uhalifu katika mji mkuu hukutana na watu wa kila kabila wakiwa katika saa ambayo hawakujipamba.

Tarehe 10 Februari 1974 jarida la Asia Magazine la Hong Kong lilichapisha katuni za Lat juu ya jando la kijijini, kwa jina la Bersunat, yaani kutahiriwa. Lee Siew Yee, mhariri mkuu wa New Straits Times, aliziona akacheka, kisha akanung'unika kwamba mchoraji kama yule angepaswa kuajiriwa na gazeti lake. Akaambiwa kwamba mchoraji huyo yumo humo humo katika shirika lake. Baada ya hapo Lat aliondolewa kwenye uhalifu akapewa nafasi ya katuni iliyoitwa Scenes of Malaysian Life, maana yake mandhari ya maisha ya Malaysia. Mwaka 1975 gazeti lilimpeleka London kwa miezi minne katika chuo cha sanaa cha St Martin's. Huko aliziona katuni za magazeti ya Kiingereza zilivyokuwa kali, na aliporudi alianza kugusa siasa zaidi, lakini kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa inafaa tuisimamie kidogo hiyo Bersunat. Miaka mitano tu baada ya Mei 1969, mchoraji Mmalay anataka kuchekesha wasomaji wa kila kabila. Amchekeshe nani? Angeweza kuanza na Mchina mwenye duka au Mhindi wa mashamba ya mpira, maana mizaha ya namna hiyo ilikuwa tele vijiweni na haikuhitaji akili nyingi. Yeye alianza na mvulana Mmalay aliyevaa msuli, anatembea kwa hofu kwenda kwa ngariba. Alianza na mwili wake. Msomaji Mchina aliingizwa ndani ya nyumba ya jirani yake siku ya sherehe ambayo hakuwahi kuiona, akaonyeshwa kwamba humo ndani mna mtoto anayetetemeka.

Baada ya kujicheka mwenyewe hadharani namna hiyo, aliweza kuingia nyumba za wengine bila ya kuonekana mwizi. Alichora harusi za Wamalay, na alichora harusi za Makalasinga. Alichora foleni, mabasi, mikahawa, watoto wa shule, wazee wa kijijini waliokuja mjini wakashangaa bei ya chai. Wote, wa kabila lolote, wamechorwa kwa kalamu ile ile: nywele timtim, matumbo, pua zenye mizingo mitatu. Hakuna aliyepewa sura nzuri ili mwenzake aonekane wa ajabu. Na maneno aliyowatia kinywani ni yale waliyoyasema kweli, Kimalay cha mtaani kilichochanganyika na Kiingereza cha Malaysia. Sisi tunaofundisha Kiswahili mahali ambapo wengi hawakukinyonya kwa titi la mama tunaijua thamani ya sikio kama hilo. Mwandishi anayemnukuu mtu akivunja lugha aweza kumdhihaki au aweza kumkaribisha, na tofauti iko katika kama na yeye mwenyewe amejinukuu akiivunja.

Katika eneo letu la Maziwa Makuu jambo hili haliwezi kusemwa kama nadharia tu. Gazeti la Kangura, lililoanza kutolewa nchini Rwanda mwaka 1990, lilitumia katuni pia, na katuni zake zilichekesha wale waliokusudiwa kucheka. Kicheko kile kilielekezwa upande mmoja daima, kwa majirani waliochorwa ili waonekane si watu. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani mhariri wa gazeti hilo. Wino na karatasi ni vile vile alivyotumia Lat. Hatusemi kwamba katuni za Lat ndizo zilizoituliza Malaysia, kwani sera za serikali, uchumi na hofu ya kurudia yaliyopita vilifanya kazi kubwa kuliko kalamu yoyote. Tunasema kwamba katika miaka ambayo kalamu ingeweza kutonesha kidonda, yake haikukitonesha, na wala haikunyamaza.

Kazi yake kubwa kuliko zote ni kitabu The Kampung Boy, kilichotoka mwaka 1979, ambacho jina lake lamaanisha mvulana wa kijijini. Kwa makadirio nakala kati ya 60,000 na 70,000 ziliuzwa ndani ya miezi michache, nacho kimefasiriwa kwa lugha kadhaa, Kifaransa na Kijapani zikiwemo. Toleo la Marekani lilitoka mwaka 2006. Alikiandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa mkono, na hakukigawa katika vijisanduku na viputo vya maneno kama ilivyo desturi ya visa vya picha. Kila ukurasa una mchoro mmoja mkubwa au miwili, na maneno yametambaa chini yake kama mzee anayesimulia huku akionyesha kidole.

Msomaji wa pwani yetu akikifungua atadhani amefika kwao. Mtoto anazaliwa nyumbani na mkunga ni bibi yake mwenyewe. Ananyolewa nywele kwa dua na majirani wamejaa. Anapelekwa chuoni kusoma Kurani, anakutana na wana wa Meor, ndugu watukutu ambao wanamfundisha kuvua samaki na kuogelea mtoni kuliko wanavyomsaidia kukariri. Siku ya jando anakalishwa juu ya gogo la mgomba. Watu wazima ni wakubwa, wamejaa ukurasa. Mtoto ni kidonge kidogo cheusi chenye nywele za kusimama, kinachochungulia kutoka nyuma ya msuli wa baba. Macho yetu yamezoea kuona utoto ukielezwa kwa maneno ya huzuni au ya sifa, na katika kitabu hiki umeelezwa kwa vipimo tu: nani mkubwa, nani mdogo, mlango una urefu gani.

Chini ya kicheko hicho pana jambo zito. Bonde la Kinta, kilipo kijiji hicho, lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotoa bati nyingi kuliko yote duniani. Madini yalichimbwa kwa mitambo mikubwa inayoelea, majengo mazima ya chuma yaliyokaa juu ya ziwa la tope, yakila ardhi mbele yao na kutema mchanga mtupu nyuma. Kelele zake zinasikika kitabuni. Watoto wanajifunza kuchekecha mchanga kwenye sinia la mbao ili wapate chembe za bati, kazi isiyoruhusiwa na sheria. Mat, ambaye ndiye Lat, anampelekea baba yake bati aliyoipata, akitarajia sifa, naye anapata kichapo. Baadaye baba anamchukua kumwonyesha kishamba chao cha mpira, akamwambia kwamba kitakuwa chake akijitahidi katika masomo. Mtoto anajitahidi, anafaulu, na malipo ya kufaulu ni kuondoka kwenda shule ya bweni mjini Ipoh. Siku ya kuondoka anatambua kwamba hataki kwenda, na tena kuna habari kwamba wachimbaji wanakitazama kijiji kwa macho ya kukitaka.

Tumefundisha watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi. Tumewapongeza kwa kufaulu na kuwasindikiza kituo cha basi, na hatukuwauliza sana juu ya kile walichokiacha. Kitabu hiki hakimlaumu baba wala mwalimu, wala hakisemi kwamba kijiji ni bora kuliko mji. Kinauchora tu uso wa mvulana dirishani.

Kitabu kilichofuata, Town Boy, kinamweka mvulana huyo Ipoh, katika urafiki na mwanafunzi wa Kichina aitwaye Frankie. Kilichowaunganisha si masomo ya uraia. Ni sahani za santuri, muziki wa roki uliotoka Marekani, nao wawili wakijifanya wapiga gitaa chumbani. Yapo mengi ya kupendeza humo, ingawa kwa maoni yetu hakifikii kina cha kile cha kwanza. Mji una mambo mengi mno na kalamu inakimbia kuyafukuzia yote.

Sifa zilimfuata baadaye. Aliacha ajira ya gazeti mwaka 1984 akawa anajitegemea. Mwaka 1994 alipewa na Sultani wa Perak cheo cha heshima cha Datuk. Kitabu cha kijijini kilifanywa filamu za katuni za televisheni kuanzia mwaka 1997, na mwaka 2002 alipata tuzo ya Fukuoka huko Japani.

Wako wanaomwona Lat kuwa mpole kupita kiasi. Alimchora waziri mkuu Mahathir kwa miaka mingi, na wanasiasa waliochorwa naye walijivunia kuchorwa, jambo ambalo kwa mchora katuni si sifa tupu. Masuala ya dini na kabila, yale yenye kuchoma, aliyapita kwa hadhari. Mchoraji mwingine wa nchi hiyo, Zunar, alichagua njia ya pili: aliwachora wakubwa kwa ukali na kwa majina, vitabu vyake vikapigwa marufuku mwaka 2010, na mwaka 2015 akashtakiwa kwa makosa tisa ya uchochezi, mashtaka yaliyofutwa mwaka 2018 baada ya serikali kubadilika. Hoja hii ina uzito, nasi hatuifichi. Nchi inamhitaji mtu wa kumwambia mkubwa kwamba ameiba, na Lat hakuwa mtu huyo. Ila tunauliza kama kumwambia mkubwa hivyo kungewezekana mwaka 1974, na kama Mmalay na Mchina wangeweza kuicheka katuni moja ya Zunar bila kwanza kujifunza kuzicheka pamoja zile za foleni na harusi. Sisi tunadhani wasingeweza. Walio na maoni mengine watuandikie.

Kuhusu bati, mambo yalikwenda kinyume cha hofu ya kitabuni. Bei ya madini hayo ilianguka duniani mwaka 1985, na migodi ya bonde la Kinta ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Huko Tanjung Tualang, katika jimbo hilo hilo la Perak, umebaki mtambo mmoja wa kuelea uliotengenezwa mwaka 1938 na kuacha kazi mwaka 1982. Sasa umetulia juu ya ziwa lake, umepakwa rangi, na watoto wa shule hupelekwa kuutazama. Wale ambao wamesoma The Kampung Boy huijua kelele yake, ingawa hawajapata kuisikia.